Kuta za mbao zilizogeuka giza: jinsi ya kuzing'arisha bila kumaliza mfuko

Nyumba nyingi za zamani za Limuru, Nakuru, Lushoto au Arusha zina sebule iliyozungushiwa mbao kutoka sakafuni hadi darini. Vanishi imepakwa juu ya vanishi miaka nenda miaka rudi, moshi wa jikoni ukaongezea wake, na leo saa nane mchana mtu anawasha taa ili asome gazeti. Kishawishi cha kwanza ni kununua ndoo ya rangi nyeupe ya maji na rola, ukuta upakwe Jumamosi na wageni waje Jumapili. Baada ya wiki chache madoa ya rangi ya chai yanachomoza, na ukikwaruza kwa ukucha rangi inabanduka kama ganda la kitunguu. Hapo hujapoteza ndoo ya rangi tu. Umejiongezea kazi ya kuibandua kabla ya kuanza upya.

Ukuta kama huu hauhitaji fedha nyingi, mradi ujue mambo mawili kabla ya kwenda dukani: mbao ni za mti gani, na zimepakwa nini.

Chunguza kabla ya kununua chochote

Zima umeme kwenye swichi kuu, fungua kifuniko cha soketi moja, uangalie ukingo wa mbao. Ukiona tabaka tabaka nyembamba zilizogandamizwa, hiyo ni plaiwudi, na mifereji unayoiona ukutani imechongwa juu tu. Ukiona mbao nzima yenye ulimi ulioingia kwenye mfereji wa mwenzake, hiyo ni T&G. Tofauti hii itaamua kama unaweza kuziba mifereji au la.

Kisha chagua mahali pasipoonekana, nyuma ya mlango kwa mfano, ukwangue vanishi eneo la sentimita 20 kwa 20 hadi mbao tupu. Wengi hushangaa hapa. Giza mara nyingi ni la vanishi, si la mbao. Chini yake saipresi huwa ya manjano iliyopauka na yenye vifundo. Mninga huwa kahawia ya dhahabu yenye michirizi myekundu. Mvule huanza na manjano na kugeuka kahawia kadiri unavyopigwa na mwanga.

Ikiwa ulichofunua ni mninga, mvule au msaji wa mbao nzima, usikimbilie rangi. Mbao hizo leo ni ghali, na anayenunua nyumba anazitambua. Kuzivua vanishi na kuzipaka vanishi safi isiyo na rangi kunaweza kutosha kurudisha mwanga. Plaiwudi na saipresi, kwa upande mwingine, hazina cha kuhurumiwa. Zipake.

Sasa kipimo cha vanishi. Lowesha pamba kwa spiriti, iweke juu ya mbao kwa dakika moja. Vanishi ikilainika na kunata, ni shelaki, yaani vanishi ya asili inayoyeyuka kwa spiriti. Isipolainika, rudia kwa thina ya NC (nitroselulosi). Ikilainika, ni vanishi ya NC ya kupuliza. Ikigoma kote kuwili, ni vanishi ya mafuta au ya polyurethane. Aina zote tatu hupakika, ila hiyo ya mwisho inahitaji msasa wa bidii zaidi kwa sababu uso wake ni mgumu na laini kama kioo.

Kuna jambo moja linaloweza kuvunja mpango wote: oili chafu. Mbao zilizopakwa oili ya injini iliyotumika ili kuzuia mchwa huwa nyeusi, na ukizisugua kwa kitambaa chenye tapentaini, kitambaa kinatoka cheusi kila mara, hata mara ya kumi. Hakuna rangi itakayoshika hapo kwa uhakika. Mbao hizo zing'olewe au zifunikwe, na usimruhusu fundi akushawishi kuwa "andakoti", yaani rangi ya msingi ya chini, "itaficha".

Gonga ukuta wote kwa mpini wa bisibisi. Mlio wa debe tupu katikati ya mbao, au unga laini unaodondoka kutoka vitundu vidogo, ni ishara ya mchwa au wadudu watoboao mbao. Tibu na ubadilishe mbao hizo kwanza. Na ukikuta sehemu ya chini imevimba na kuwa nyeusi kwa unyevu, tafuta maji yanatoka wapi: bomba, gata, au udongo wa nje uliopanda juu ya kiwango cha sakafu. Ukipaka juu ya unyevu, rangi itafura malengelenge.

Kiasi cha kununua

Tuchukue chumba cha mita 4 kwa 3.5, chenye urefu wa mita 2.7 hadi dari. Mzunguko ni mita 15, kwa hiyo ukuta ni mita za mraba 40.5. Toa mlango mmoja na madirisha mawili ya kawaida, zinabaki kama 35. Mifereji ya T&G huongeza eneo, basi hesabu 40.

Lita moja ya rangi nzuri hufunika takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, yaani tabaka moja. Hapo unahitaji lita 4 za andakoti ya mafuta na lita 8 za rangi ya mwisho kwa mikono miwili. Ongeza lita 2 za tapentaini, msasa namba 120 karatasi 12, msasa namba 220 karatasi 6, gundi ya kuzibia ya akriliki mirija miwili, puti ya mbao nusu kilo, tepu ya karatasi, brashi ya inchi 2, na rola fupi ya inchi 4 yenye manyoya mafupi. Rola kubwa ya ukuta wa pilasta haifai kazi hii; inaruka mifereji na kuacha ngozi ya chungwa.

Ukitaka kubana matumizi, bana kwenye rangi ya mwisho kwa kuchagua rangi iliyo tayari dukani badala ya ile ya kuchanganyiwa. Usibane kwenye andakoti. Hiyo ndiyo inayoshika vanishi na kuzuia madoa. Rangi ya juu ni nguo tu.

Kuosha

Hatua hii hurukwa mara nyingi kuliko zote. Miaka ya moshi, mafuta ya kupikia, mikono ya watoto na polishi ya samani hutengeneza ngozi isiyoonekana. Ukianza na msasa kabla ya kuosha, unaisukuma grisi hiyo ndani ya mikwaruzo.

Osha kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya vyombo, ukianzia chini kwenda juu ili michirizi michafu isikaukie juu ya sehemu kavu. Karibu na jiko la mkaa au la mafuta ya taa, ongeza kijiko kimoja cha magadi kwa lita moja ya maji. Kama unakusudia kuacha mbao ionekane, usitumie magadi: hufanya mbao zenye tanini (kemikali ya asili ya mti inayotoa rangi ya chai) ziwe nyeusi zaidi. Suuza kwa maji safi mara mbili, usiloweshe plaiwudi hadi ikavimba, uache ukuta ukauke siku nzima.

Halafu pitisha kitambaa chenye tapentaini, ukikigeuza kila baada ya mita moja. Polishi za kupuliza zenye silikoni ndizo zinazofanya rangi ijitenge na kuacha vidimbwi vya mviringo kama macho ya samaki. Sabuni peke yake haiziondoi.

Msasa

Lengo ni kuua mng'ao, si kufika kwenye mbao tupu. Tumia namba 120, ukifuata mkondo wa nyuzi za mbao. Kwenye mifereji kunja karatasi mara tatu na kuisukuma kwa ncha ya kijiti bapa. Mfereji usioguswa ndipo rangi itakapoanza kubanduka. Ukuta ukiwa tayari huonekana wa kijivujivu na usiong'aa hata ukimulikwa tochi kwa ubavu. Tochi hiyo ndiyo mkaguzi wako, itumie.

Kwenye plaiwudi kuwa mwepesi wa mkono. Ngozi yake ya juu ni nyembamba sana, na mashine ya msasa inaweza kuitoboa kwa sekunde chache.

Vaa barakoa. Vumbi la mvule linajulikana kwa kuwasha ngozi na kubana kifua. Na kama kuna rangi ya mafuta ya zamani juu ya mbao, ichukulie kuwa ina madini ya risasi, ambayo ni sumu: sugua kwa msasa wa maji ukiwa umelowesha, kusanya tope kwa kitambaa, na watoto wakae mbali hadi usafi uishe.

Kuziba: wapi ndiyo, wapi hapana

Watu wengi wanataka mifereji ipotee ili ukuta uonekane kama wa pilasta. Kwenye plaiwudi inawezekana, kwa sababu bamba lake halitanuki sana. Jaza mifereji kwa puti mara mbili, maana ya kwanza husinyaa ikikauka, kisha sugua. Maungio kati ya bamba na bamba yatapasuka hata hivyo, labda uyawekee tepu ya nyuzi, au uyarudishie ufito wa mbao wa kuyafunika.

Kwenye T&G usijaribu. Mbao nzima hutanuka na kusinyaa kwa upana kadiri hewa inavyobadilika kati ya masika na kiangazi. Kila ungio litapasua puti yako kabla ya mwaka kuisha, na mistari iliyopasuka ina sura mbaya kuliko mifereji safi. Iache. Ikipakwa rangi nyepesi, mifereji hiyo hupendeza.

Gundi ya akriliki iende kwenye pembe za kuta, kwenye ungio la ukuta na dari, na juu ya sketing. Hapo ndipo nyufa nyeusi huonekana zaidi baada ya rangi nyeupe. Soma mrija vizuri dukani: silikoni haishiki rangi.

Matundu ya misumari na mikwaruzo mirefu jaza kwa puti, sugua kwa namba 220, futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo.

Andakoti, na dawa ya vifundo

Mbao nyingi za kwetu zina tanini na utomvu wenye rangi. Mninga hutoa utomvu mwekundu kama damu ukikatwa ungali mti, na rangi hiyo haiishi yote mbao inapokauka. Rangi ya maji inapogusa mbao hizo, maji huyeyusha tanini, huipandisha juu, kisha hukauka na kuiacha pale kama doa. Ndiyo maana mkono wa tatu na wa nne wa rangi hausaidii: kila mkono unaleta maji mapya.

Kinachozuia ni tabaka lisilo na maji. Kwa saipresi na plaiwudi, andakoti ya mafuta inatosha, ila vifundo vya saipresi vipakwe shelaki kwanza, mara mbili, kupita ukingo wa kifundo kwa sentimita moja. Kwa mninga uliokwanguliwa, paka shelaki ukuta wote kabla ya andakoti.

Mvule una ubishi wake. Kemikali zilizo ndani yake huchelewesha rangi za mafuta kukauka, na andakoti inaweza kunata siku tatu au zaidi. Shelaki kati ya mbao na andakoti humaliza tatizo hilo. Msaji nao una mafuta ya asili. Futa mbao iliyo wazi kwa thina na upake shelaki saa hiyo hiyo, kabla mafuta hayajapanda tena.

Shelaki ya tayari ikikosekana au ikiwa ghali, nunua ya magamba kwenye maduka ya vifaa vya samani. Weka gramu 250 ndani ya lita moja ya spiriti, kwenye chupa ya plastiki au ya kioo. Chombo cha chuma huifanya iwe nyeusi. Tikisa mara kwa mara, iache ilale usiku mmoja, kisha chuja kwa soksi ya nailoni, ukiacha nta iliyotuama chini, kwa kuwa nta hudhoofisha mshiko wa rangi ya juu. Tengeneza ya kutumia mwezi huo tu. Ikikaa miezi mingi haikauki vizuri tena. Ikiwa mpya inakauka ndani ya saa moja na, kwenye unyevu wa Pwani, inaweza kugeuka kama maziwa. Hilo halidhuru, itafunikwa. Spiriti inawaka kwa urahisi, kwa hiyo majiko, mishumaa na sigara vitoke chumbani.

Andakoti koroga hadi chini ya kopo, kwa sababu sehemu nzito hutuama. Ikiwa nzito mno ongeza tapentaini, isizidi asilimia 10. Wako mafundi wanaozimua kwa petroli kwa kuwa ni rahisi kupatikana. Kataa. Mvuke wake unaweza kulipuka kwa cheche ya swichi.

Paka mifereji kwa brashi kwanza, mbao tatu tatu, kisha uso kwa rola kabla mifereji haijakauka. Ukimaliza ukuta mzima wa mifereji halafu ukaanza uso, utaona alama za maungio. Acha saa 24. Nyanda za juu mwezi Julai, au Pwani wakati wa masika, acha siku mbili. Sugua kidogo kwa namba 220, futa vumbi, kisha subiri usiku mmoja mwingine ukitazama madoa. Doa likichomoza sasa, paka shelaki hapo na andakoti tena. Kulitibu leo ni kazi ya dakika tano.

Rangi ya mwisho

Chagua rangi ya maji inayooshwa, yenye mng'ao mdogo. Rangi ya mafuta ya kung'aa ni imara, lakini nyeupe yake hugeuka manjano, na hugeuka upesi zaidi palipo na giza, yaani nyuma ya kabati na pembeni. Mng'ao mkali pia huonyesha kila kovu la mbao.

Nyeupe kabisa haifai T&G, kwani kila ufa unaonekana kama mstari wa kalamu. Nyeupe inayoelekea kidogo rangi ya ufuta au ya mchanga, au kijani kilichopauka, husamehe zaidi. Mikono miwili myembamba, saa 4 kati yao au kama kopo linavyoelekeza.

Ukiweza kuchagua msimu, paka wakati wa kiangazi. Mbao zikiwa zimesinyaa, ndimi zake zinatokeza kidogo na brashi inazifikia. Ukipaka masika mbao zikiwa zimevimba, Januari itafika na utepe mweusi ambao haukupata rangi utajitokeza kwenye kila ungio.

Usipake juu ya mashimo ya hewa yaliyo juu ya ukuta, hasa nyumba za baridi zenye mbao pande zote mbili. Hewa isiyotoka huleta ukungu kwa ndani.

Nusu ukuta

Kama bajeti haitoshi chumba kizima, au mzee wa nyumba hataki mbao zake zifichwe zote, acha sentimita 90 za chini zibaki na vanishi na upake sehemu ya juu tu. Viti, mikono na mpira wa watoto hupiga sehemu ya chini, na vanishi huficha makovu hayo vizuri. Piga mstari kwa uzi wa chaki na levo, usipime kutoka sakafuni, kwani sakafu za zamani hazilingani. Mpaka ufunikwe kwa ufito wa mbao wa milimita 50 kwa 12, uliopakwa rangi ukiwa chini kabla ya kupigiliwa. Kwa chumba chetu cha mfano, ufito wa mita 15 unatosha, na unaokoa karibu theluthi ya rangi.

Kufunika kwa jipsamu

Njia hii ni kwa mbao za oili chafu au zilizoharibika sana. Bodi ya mita 1.2 kwa 2.4 ina mita za mraba 2.88, hivyo mita 35 zinahitaji bodi 13, na uagize 14 kwa ajili ya makato. Tafuta mataruma (mihimili inayoshikilia mbao) nyuma ya mbao kwa kufuata mistari ya misumari, na ufunge skrubu zifike humo kila sentimita 25 hivi. Skrubu iliyoshika mbao ya milimita 12 pekee italegea. Fremu za milango zitaonekana zimezama, na masanduku ya soketi yatahitaji kuongezwa kina na fundi umeme. Kwa gharama na kazi, njia hii inaizidi rangi kwa mbali. Kwenye ukuta unaopata unyevu usiiweke kabisa.

Kwa mpangaji

Bila ruhusa ya maandishi ya mwenye nyumba usiguse vanishi. Osha ukuta kama ilivyoelezwa hapo juu, bila magadi, kisha paka dari nyeupe ukiruhusiwa. Dari ndiyo inayorudisha mwanga mwingi wa dirisha. Badili pazia zito kwa jepesi na weka taa mbili au tatu pembeni badala ya moja katikati, kwa sababu mbao nyeusi humeza mwanga wa taa ya katikati kabla haujarudi kwako. Kanga au kitenge cheupe kilichovutwa juu ya fremu ya mbao nyembamba kinafunika zaidi ya mita moja ya mraba, nawe utahama nacho.

Vitambaa vilivyotumika na rangi ya mafuta usiviviringe na kuvitupa kwenye pipa. Mafuta yakikauka hutoa joto, na rundo linaweza kuwaka lenyewe. Vitandaze nje hadi vikauke, au uviloweke maji. Samani zikae sentimita kadhaa kutoka ukutani kwa wiki mbili, usioshe ukuta kwa mwezi mmoja, na weka robo lita ya rangi kwenye chupa iliyojazwa hadi juu, yenye namba ya rangi na tarehe, kwa ajili ya makovu yatakayokuja.